BREDIBODI SI MASHINE: saketi ya majaribio inavyojengwa, na kwa nini mayai ya jirani yaliiva

Ndani ya mwezi huu watu watatu wameniuliza swali lile lile, wawili hapa hapa Mpui na mmoja wa Laela: "Saketi nimeitoa kwenye mtandao, nimeiunga kama ilivyochorwa, mezani inapiga kazi vizuri tu. Nikiiweka kwenye boksi inagoma. Mchoro ni feki au?" Jibu fupi: mara nyingi mchoro hauna kosa. Kosa liko kwenye kitu ulichotumia kuujenga. Jibu refu ni hili hapa chini, na ni refu kweli, kwa hiyo kama umelipia nusu saa tu hapo kafe, lihifadhi kwenye flashi ukasome nyumbani kwa nafasi.

Saketi ya majaribio ni ile unayoijenga kabla ya ile ya kazi, ili ujue wazo lako linaishi au ni ndoto za mchana. Kwetu Ufipa hili wala si geni. Wazee walipoyeyusha chuma kwenye ilungu, lile tanuri la udongo refu kuliko mtu, kilichotoka hakikuwa jembe. Kilipelekwa kwenye kitanuri kidogo, kintengwe, kikasafishwa, ndipo mhunzi akaanza kazi yake. Hakuna aliyelimia bonge lililotoka ilunguni. Lakini leo kijana anachomeka nyaya kwenye bredibodi, taa inawaka, anapiga picha, anaitia kwenye boksi na kuiuza. Hapo ndipo ishu inapoanzia.

Bredibodi ni kile kibao cheupe cha plastiki chenye vitundu vingi. Jina lenyewe linachekesha: linatokana na kibao cha kukatia mkate. Miaka ya 1920 wapenzi wa redio kule Marekani na Uingereza walikuwa wanachukua kibao cha jikoni, wanapigilia misumari na skrubu, wanafunga vipuri juu yake. Hiki cheupe cha kuchomeka tu kilikuja baadaye sana, na anayetajwa ni Ronald Portugal wa kampuni ya E&L Instruments, Marekani, aliyeombea hati ya ubunifu mwaka 1971. Ndani yake kuna vibanio vya chuma. Kila vitundu vitano vilivyo kwenye safu moja vimeungwa pamoja kwa chini, na pembeni kuna mistari mirefu ya chanya na hasi. Ile kubwa ya kawaida ina safu 63 zenye vitundu 10 kila moja, ongeza 200 vya pembeni, jumla vitundu 830. Huhitaji kulehemu. Unachomeka, unachomoa, unabadilisha rezista, unaangalia tena. Kwa kujifunzia hakuna kitu bora kuliko hiki, hilo silipingi hata kidogo.

Na msihangaike kununua zile nyaya zake za rangi. Mwombe mwenye kafe mabaki ya kebo ya mtandao, ile ya kijivu au ya bluu inayotoka kwenye swichi kwenda kwenye kompyuta. Ndani kuna nyaya nane za rangi tofauti, na zikiwa za shaba ya uzi mmoja zina unene karibu nusu milimita, zinaingia kwenye kitundu kama zilitengenezwa kwa ajili yake. Angalieni tu isiwe ile kebo laini fupi ya kuchomeka nyuma ya kompyuta, maana hiyo ina nyuzi nyingi nyembamba, inapinda kabla ya kuingia.

Hata wakubwa walianzia hapo. Ile IC ya 555, ambayo kila mtu aliyewahi kuwasha taa ya kupepesa ameigusa, ilibuniwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Marekani kwa mkataba na kampuni ya Signetics. Jamaa aliiunga kwanza kwa vipuri vya kawaida juu ya meza, akaipima, akaibadilisha, halafu ndipo akachora mpangilio wa kipuri chenyewe kwa mkono. Ikaingia sokoni 1972. Lakini aliyeinunua dukani hakuuziwa zile nyaya za mezani.

Sasa kisa chenyewe.

Jirani yetu mmoja, mama anayefuga kuku, alitengenezewa mashine ya kutotolesha vifaranga na fundi kijana wa huku huku. Mayai 60. Karibu nusu hayakuwa ya kwake: majirani walimpa kwa makubaliano kwamba vifaranga wakitoka watagawana. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa 6 na wa 7. Ukilala bila blanketi mbili unaamka umekakamaa. Yai la kuku linataka nyuzi joto 37.5 kwa siku 21 mfululizo, usiku na mchana, na halijali kwamba nje kuna upepo wa uwanda.

Saketi aliyotumia fundi ni ile inayopatikana kila mahali. Kuna kihisi joto kinaitwa LM35, kipuri cha miguu mitatu kinachofanana na transista. Kinatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja. Kwa hiyo kwenye nyuzi 37.5 kinatoa milivolti 375. Shikeni namba hiyo. Milivolti hizo zinaingia kwenye IC ya kulinganisha, LM393, ambayo inazilinganisha na kiwango ulichokiweka kwa kirekebishi cha kuzungusha. Zikiwa chini, maana yake kuna baridi, IC inaiamuru transista, transista inavuta relei ya volti 12, relei inawasha balbu mbili za zamani za joto. Zikipanda juu, relei inaachia, balbu zinazima. Rahisi. Mchoro sahihi kabisa, niliusoma mwenyewe.

Fundi aliujenga kwenye bredibodi. Angalau alikuwa na akili ya kutopitisha umeme wa ukutani mle: nyaya za balbu zilikwenda pembeni kwenye viunganishi vyake. Akaijaribu siku mbili bila mayai, kipimajoto kikasoma 37 na ushee. Akaifunga bredibodi kwa selotepu ndani ya boksi, mayai yakaingia. Siku nane kila kitu shwari, ila mama alisema relei ilikuwa ina kelele, tak-tak-tak-tak kama cherehani, kila joto linapokaribia kiwango. Siku ya 9 asubuhi akafungua mlango: balbu zote zinawaka, kipimajoto kiko 44. Nje kuna baridi kali, ndani mayai yameiva. Siwezi kuwasimulia vizuri asubuhi ile, ila niwaambie tu kwamba mama alitembea nyumba kwa nyumba kuwaambia wenye mayai, na hiyo kazi hakumtuma mtoto.

Fundi aliniita tukaikague pamoja. Si kilaza yule, na alitaka kujua. Tulikuta mambo mawili.

La kwanza, zile kelele. Chukua multimita ya kawaida, ile ya njano ya bei nafuu, weka kwenye milivolti 200. Waya mmoja gusa mguu wa hasi wa kihisi, mwingine gusa hasi ya chanzo cha umeme pale inapoingia. Kwenye mchoro hizo ni sehemu moja, mstari mmoja, tofauti sifuri. Sisi tulisoma sifuri relei ikiwa imeachia, na milivolti 7 na pointi relei ikivuta. Kwa nini? Kwa sababu vibanio vya bredibodi ile vilikuwa vimechoka, na mstari wa hasi ulikuwa na ukinzani kama robo ya omu. Relei ya namna ile inakula karibu miliampia 30. Miliampia 30 zikipita kwenye robo ya omu zinatengeneza milivolti 7 hivi. Relei na kihisi vilikuwa vinatumia njia moja ya hasi, kwa hiyo relei ikivuta, kihisi kizima kinanyanyuliwa milivolti 7. Na kumbuka milivolti 10 ni nyuzi moja! Balbu zikiwaka, saketi inadhani joto limepanda nyuzi 0.7 papo hapo. Inazima. Ikizima, hizo milivolti zinatoweka, inaona baridi. Inawasha. Ndio tak-tak-tak hiyo.

Mnaona? Mchoro hauna robo ya omu. Bredibodi inayo. Ukijenga juu ya bredibodi umeongeza vipuri ambavyo hukuvichora: ukinzani kidogo kwenye kila kitundu, na kati ya safu na safu kuna kapasita ndogo ya pikofaradi chache. Taa ya kupepesa haitajali. Kitu kinachosoma milivolti kitajali sana.

La pili ndilo lililoua mayai. Waya unaopeleka volti 5 kwenye kihisi ulikuwa umechomoka nusu. Kila siku mama anafungua mlango mara tatu kugeuza mayai, boksi linatikisika, relei yenyewe inagonga maelfu ya mara, joto linapanda na kushuka, plastiki inatanuka na kusinyaa. Waya uliochomekwa tu haukushikwa na kitu zaidi ya kibanio kilichochoka. Ukitoka, kihisi kinakosa umeme, kinatoa karibu sifuri. Sifuri kwa saketi hii maana yake ni nyuzi sifuri, barafu! Basi inawasha balbu na haizimi tena mpaka mtu aje. Kabla hujajenga kitu jiulize: waya huu ukikatika saa 8 za usiku, mashine itaelekea upande gani? Kwa mayai, kuzidi joto kunaua haraka kuliko baridi ya saa moja mbili.

Matengenezo yalikuwa haya. Saketi ilihamishiwa kwenye verobodi na kulehemewa. Hasi ya relei ilipewa waya wake peke yake mpaka kwenye chanzo, hasi ya kihisi waya wake, wakutane pale tu. Tukaongeza rezista ya megaomu 1 kutoka kwenye tokeo la IC kurudi kwenye ingizo lake la chanya, ambayo inaifanya isibadili mawazo mpaka joto lisogee kidogo. Na mwisho, kinga isiyotegemea elektroniki kabisa: swichi ya joto ya aina ya KSD301, kile kidude cha duara kinachokaa kwenye birika za umeme, lakini ya nyuzi 40, imefungwa mfululizo kwenye waya wa balbu. Hata saketi ikichanganyikiwa, swichi inakata. Ila ipime kwanza kabla ya kuiamini, maana namba iliyoandikwa juu yake inaweza kukosea kwa nyuzi kadhaa. Itie kwenye mfuko wa nailoni, zamisha kwenye maji ya vuguvugu yenye kipimajoto, uone inakata wapi.

Haya, sasa njia zenyewe, maana bredibodi ni moja tu.

Kabla hujanunua hata rezista moja, tumia kafe. Kuna simulata za bure zinazofanya kazi ndani ya brauza: ya Falstad unaona umeme unatembea kama vidoti kwenye waya, na Tinkercad ina bredibodi ya picha unachomeka kwa mausi. Saa moja ya kafe itakuonyesha kama umegeuza dayodi. Lakini simulata ina shida ile ile ya mchoro, nyaya zake hazina ukinzani, kwa hiyo tak-tak-tak usingeiona humo ng'o.

Kwa asiye na hela ya bredibodi, kibao na misumari bado kipo na hakina aibu. Chapisha mchoro, gundisha karatasi juu ya kipande cha mbao, pigilia pini za shaba au za rangi ya dhahabu kwenye kila makutano, lehemu vipuri juu yake. Misumari ya bati la kawaida inakataa risasi, kwa hiyo ikibidi kuitumia zungushia kwanza waya wa shaba. Uzuri wake unasoma saketi kama unavyosoma mchoro. Mafundi wengi wa redio huku wanatoboa tu kipande cha boksi gumu, wanapitisha miguu ya vipuri, wanaisokota na kulehemu kwa nyuma. Inafaa kwa jaribio. Usiweke karibu na balbu, karatasi inawaka jamani.

Halafu kuna kuunga hewani. Unachukua kipande cha bodi chenye shaba upande mzima, shaba yote inakuwa hasi, IC unaigeuza miguu juu kama mende aliyekufa, na vipuri unavilehemu mguu kwa mguu hewani. Ukiona utadhani ni takataka. Jim Williams, mhandisi maarufu wa kampuni ya Linear Technology kule California aliyefariki 2011, alijulikana kwa saketi za namna hii, zimesimama kama vichaka, na zilikuwa zinapima vitu ambavyo bredibodi isingethubutu. Sababu ni kwamba nyaya ni fupi na hasi ni pana. Kwa masafa ya juu ndiyo njia. Na hapa nawajibu wale wa transmita ya FM: masafa ya megahezi 88 hadi 108 kwenye bredibodi yanahama ukisogeza mkono tu, ndio maana stesheni yako inapotea. Lakini kabla hujakimbilia kuunga hewani, jua kwamba chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010 kurusha matangazo bila leseni ya TCRA ni kosa. Mimi sitaweka mchoro wake hapa, msinisumbue.

Kuna pia njia ya kuzungushia waya kwenye miguu ya mraba bila kulehemu, ambayo ilitumika mpaka kwenye kompyuta iliyowaongoza Wamarekani mwezini. Vifaa vyake huku havipatikani, tusonge.

Verobodi ndiyo ningependa kila mtu aijue. Ilizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Vero, na jina likabaki hata kwa zinazotengenezwa na Wachina. Ni bodi yenye vitundu kila baada ya milimita 2.54, umbali ule ule wa miguu ya IC za kawaida, na nyuma kuna mistari ya shaba iliyonyooka. Unapanga vipuri juu, unalehemu chini, na pale ambapo mstari hautakiwi kuendelea unaukata kwa kuzungusha ncha ya drili ya milimita 4 kwa mkono kwenye kitundu. Ukihama kutoka bredibodi kwenda verobodi karibu unakili tu, safu kwa mstari. Mambo mawili yanawaangusha watu. Moja ni unywele wa shaba unaobaki baada ya kukata: haukuonekana, unaunganisha, IC inaungua. Pitisha kisu kati ya mistari yote, halafu pima kwa multimita ile ya kulia "piii". Jingine ni kupitisha umeme wa ukutani kwenye verobodi. Nafasi kati ya mstari na mstari haifiki hata milimita moja. Volti 230 zinataka angalau milimita 6 kutoka kwenye upande wa volti ndogo unaoguswa na mkono. Umeme wa Sumbawanga, ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukitoka Zambia na majenereta, tumeuzoea kwa kukatika na kurudi kwa kishindo, na ni wakati wa kurudi ndipo cheche zinaporuka. Mambo ya balbu yaende kwenye viunganishi vya skrubu, mbali.

Ukitaka kujenga tano zinazofanana, tengeneza PCB yako. Anayetajwa sana kwa wazo la kuchapa nyaya kwenye bodi badala ya kuzifunga moja moja ni Paul Eisler, Mwaustria aliyekimbilia Uingereza, mwaka 1936. Unaanza na bodi yenye shaba upande mzima, unaisugua kwa chuma cha kusugulia sufuria mpaka ing'ae, unachora njia kwa kalamu ya maka isiyofutika au, wallahi, rangi ya kucha. Kisha unaizamisha kwenye feriki kloraidi iliyopashwa vuguvugu, nyuzi 40 hadi 50, nayo inakula shaba yote isiyofunikwa. Ukitaka njia nyembamba nzuri, chapa mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, kurasa za magazeti ya mitindo zinafaa, lakini lazima iwe printa ya leza au fotokopi ya steshenari. Printa ya wino haifai, maana kinachohama ni tona, ambayo ni plastiki. Mchoro uwe umegeuzwa kama kwenye kioo. Piga pasi ya moto kwa nguvu dakika tatu nne, loweka kwenye maji, karatasi inatoka, tona inabaki.

Feriki kloraidi si maji ya kuoga. Inadoa nguo na sinki daima, na macho ikiyapata ni hospitali. Tumia beseni la plastiki. Usiitie kwenye sufuria ya alumini, inaila sufuria yenyewe kwa hasira na moshi juu. Na ikichoka usiimwage kwenye mtaro wala shambani: ina shaba iliyoyeyuka, inayoua samaki na kudhuru mimea. Ihifadhi kwenye chupa ya plastiki, andika SUMU kwa herufi kubwa, weka mbali na watoto. Ikifika mwisho kabisa tia magadi kidogo kidogo, nje kwenye hewa, maana inafoka, mpaka iache kutoa povu. Tope litazama chini. Lichanganye na saruji ligande.

Njia ya mwisho ni kuchora kwenye KiCad, programu ya bure, na kutuma faili za Gerber China. Viwanda kama JLCPCB vimekuwa vikitoza dola 2 tu kwa bodi ndogo tano. Usirukeruke, usafirishaji ndio unaouma, na unasubiri wiki kadhaa. Ukikosea unasubiri tena wiki kadhaa. Ndiyo maana hii inakuja mwisho, baada ya verobodi kukaa kazini angalau mwezi.

Na msidhani kusubiri ni tabu ya sisi wa mikoani tu. Nairobi, jamaa wa Ushahidi walibuni BRCK, kifaa cha kusambaza intaneti chenye betri yake ndani kwa ajili ya umeme wa kukatika. Mwaka 2013 walichangisha zaidi ya dola 170,000 kupitia Kickstarter, na kifaa kikaanza kuwafikia wateja 2014. Nairobi yote ile, na mtaa wa Luthuli umejaa maduka ya elektroniki, bado kila sampuli mpya ilikuwa ni kusubiri vipuri kutoka nje na kuhangaika pa kukatia boksi. Kutokana na usumbufu huo ikazaliwa Gearbox, karakana ya pamoja yenye mashine, ikaongozwa na Dk. Kamau Gachigi aliyetokea FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Unalipa, unaingia, unatumia mashine ambayo peke yako usingeinunua maisha yako yote. Dar es Salaam STICLab walifungua karakana ya mtindo huo huo. Mimi naona Sumbawanga hatuhitaji makubwa hivyo. Meza moja, solda mbili nzuri, multimita, drili ndogo na printa ya leza ndani ya chumba kimoja, vijana wachangie kwa saa kama wanavyolipia kafe. Hiyo hela ipo, inaishia kwenye mikeka ya mpira.

Mashine ya mama iko kwenye verobodi sasa na imeshapita wiki mbili bila kelele, na mayai. Safari hii alikubali kuweka 20 tu, yote ya kwake, za watu hataki. Fundi hakumtoza.

Kilichonikwama ni vipuri. LM35 mbili za mwisho nimeagiza kwa mtu aliyekuwa anakwenda Kariakoo, na moja ilikuwa feki, ilisoma nyuzi 60 kwenye maji ya kisimani. Mdau anayejua duka lenye za uhakika Mbeya, Tunduma au Sumbawanga mjini aandike hapo chini kwenye maoni, jina la duka na mtaa, namba za simu za watu tusiweke. Na yule wa Laela: pima kwanza hasi yako relei ikivuta, uniambie umesoma milivolti ngapi.